Maswali ya wasomaji: mgongo unauma, kampuni inaleta jimu

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja. Kampuni zimeanza programu za afya kwa wafanyakazi, mazoezi, kupima presha na sukari, semina za stresi, na huku watu wanaendelea kuumia kazini kama kawaida na hakuna anayeyaweka haya mambo mawili pamoja. Nimechukua barua saba, zile nyingine zinafanana na hizi. Majina nimeyaacha.

Habari za kazi. Mimi ni afisa usalama kwenye ghala kubwa la usambazaji. Mwaka jana watu wa rasilimali watu walileta programu ya afya, kuna jimu, mashindano ya kuhesabu hatua kwa simu, mwalimu wa yoga, na kila baada ya miezi kadhaa watu wanapimwa. Ni kitu kizuri sina ubaya nacho. Lakini vijana wa kupakia mizigo hawaendi, wanaoenda ni watu wa ofisini, na kwenye daftari langu la ajali bado naona migongo, mabega, vidole kubanwa, vilevile kama zamani. Nikiomba tukae pamoja naambiwa afya ni ya kwao usalama ni wangu. Tunaunganishaje bila mimi kuonekana naingilia kazi za watu?

Kaka, pole, na hongera kwa kuliona hilo manake wengi wanalipita tu. Wewe na hao wenzako mnamhudumia mtu mmoja. Yule kijana aliyelala masaa manne, presha iko juu na mwenyewe hajui, ndiye huyohuyo anaendesha fokolifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, saa kumi na moja alfajiri. Na ukiangalia upande wa pili, kazi inayomkunja mgongo zamu nzima ndiyo inayomtoa pale akiwa hana hata nguvu ya kutembea, sasa jimu atakwenda saa ngapi? Kila idara inamwona nusu.

Marekani wana taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, na mwaka 2011 ilianzisha mpango mzima wa kuunganisha hivi vitu, unaitwa Total Worker Health. Msimamo wake mkubwa ni kwamba unaanza na kuondoa hatari kwenye kazi yenyewe, habari ya kumhimiza mtu abadilishe mazoea yake inakuja baadaye. Huo mpangilio ushike sana kwenye kikao chenu kwa sababu programu nyingi zinaanzia kichwa chini, zinamrekebisha mtu halafu kazi inaachwa ilivyo. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa hukohuko Marekani, wafanyakazi karibu 33,000 wa kampuni moja ya maduka, baadhi ya matawi yakapewa programu ya afya mengine hayakupewa, wakafuatiliwa miezi 18. Waliopewa walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao, lakini walipopimwa presha, sukari na mafuta kwenye damu, na ulipoangaliwa utoro na gharama za matibabu, tofauti ya maana haikuonekana. Uingereza nako mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 kutoka mashirika 233, waliohudhuria mafunzo ya kukabili stresi na kutumia app za utulivu kwa jumla hawakuwa na hali nzuri kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria. Mimi nayasoma hivi: mambo hayo hayakugusa mzigo wa kazi, ratiba, wala namna mtu anavyosimamiwa.

Sasa ona kinachotokea vikiunganishwa. Profesa Glorian Sorensen na wenzake walifanya utafiti kwenye viwanda 15 huko Massachusetts, Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2002. Viwanda vingine vilipata programu ya afya peke yake, vingine vikapata programu hiyohiyo pamoja na kupunguza hatari za kazini, yaani kemikali, vumbi na kadhalika. Kati ya wafanyakazi wanaolipwa kwa saa, walioacha sigara kule kwa afya peke yake walikuwa asilimia 5.9, na kule kwa pamoja asilimia 11.8. Mara mbili! Na mimi inaniingia akilini kabisa, mtu anavuta vumbi na moshi wa kazi siku nzima, feni ya kuvuta hewa imekufa na hakuna anayeitengeneza, halafu unamletea semina ya kumwambia sigara inaharibu mapafu, atakuamini vipi. Ukishaitengeneza ile feni ndiyo anakusikiliza. Na hatari zenyewe huwa zinazidishana, haziishii kujumlishana. Uchunguzi wa watafiti Hammond na Selikoff wa mwaka 1979 ulionyesha wafanyakazi wa asbesto wasiovuta sigara walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5 ya mtu asiyevuta wala kugusa asbesto, wavutaji wasiogusa asbesto kama mara 11, na waliokuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Hapo utasema hiyo ni kazi ya idara ipi?

Namna ya kuanza. Usiende kwa wenzako na malalamiko, nenda na jedwali moja. Chukua daftari lako la ajali, uwaombe wao takwimu za wanaokwenda kliniki na wanaoomba ruhusa ya ugonjwa, bila majina, kisha mpange kwa sehemu ya kazi, aina ya kazi, saa, na siku ya ngapi mfululizo mtu alikuwa kazini. Mara nyingi picha inajitokeza yenyewe, utaona eneo fulani lina migongo kwako na kwao lina dawa za maumivu.

Halafu muombe mmoja wao mshuke pamoja sakafuni, msimame nusu saa bila kuongea na mtu. Mtaona mambo kama haya: paleti, lile jukwaa la mbao la kupangia maboksi, imewekwa kushoto, mkanda unaopeleka mizigo uko kulia, kwa hiyo kwa kila boksi kijana anainama mpaka usawa wa vifundo vya miguu, ananyanyua, halafu anazungusha kiuno huku miguu imebaki palepale kwa sababu hana muda wa kuihamisha. Boksi lina kilo 18. Kwenye karatasi halitishi, manake NIOSH wenyewe kikokotoo chao cha uzito wa kunyanyua kinaanzia kilo 23, ila hizo 23 ni pale mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, huinami, hujipindi na hurudii mara nyingi. Ukishaweka kuinama na kujipinda na kasi, kiwango kinashuka vibaya na zile 18 zimeshavuka. Dawa yake hapo ni kuiinua paleti, kama hakuna meza ya kupandisha wekeni hata paleti mbili tupu chini yake, na kuihamishia mbele yake asizunguke. Ghafla mtu wa programu ya afya ana kitu cha kuonyesha na wewe daftari lako linapumua.

Hiyo jimu msiifute. Ila waulizeni wale vijana wanataka nini, mtashangaa, mtu anayetembea ghalani siku nzima mashindano ya hatua hayamhusu, huenda anataka kiti cha kukaa wakati wa mapumziko, mkeka wa mpira pale anaposimama, viatu vinavyomtosha. Na upimaji ufanyike ndani ya muda wa kazi unaolipwa, zamu zote ikiwemo ya usiku. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 161 wa mwaka 1985 kuhusu huduma za afya kazini unasema hivyohivyo, ufuatiliaji wa afya ya mfanyakazi usimpunguzie kipato, uwe bure, na kadiri inavyowezekana uwe saa za kazi.

Shikamoo. Niliumia mgongo nikinyanyua mzigo kazini. Meneja akasema ni sababu ya unene wangu, akanipa mkanda wa kufunga kiunoni na kuniandikisha kwenye programu ya kupunguza uzito kwa lazima. Ule mkanda unasaidia kweli? Na hili la uzito ni haki?

Marahaba mwanangu, pole sana. Mkanda kwanza. NIOSH waliuchunguza wakatoa taarifa mwaka 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mfanyakazi mzima asiumie, na wakaonya kwamba unaweza kumpa mtu moyo wa kunyanyua zaidi ya uwezo wake. Mwaka 2000 wakachapisha ufuatiliaji wa wafanyakazi zaidi ya 9,000 kwenye maduka 160, waliovaa kila siku na wasiovaa hawakutofautiana kwa maumivu ya mgongo wala kwa madai ya fidia. Kama daktari wako amekupa mkanda kwa sababu zake hilo ni lingine, mfuate yeye. Lakini kampuni kununua maboksi ya mikanda na kusema imemaliza suala la migongo, hapana, haijaanza.

Kuhusu uzito niseme wazi. Uzito mkubwa unaweza kuwa moja ya vitu vinavyochangia maumivu ya mgongo, sitakudanganya. Pamoja na hilo mzigo ulionyanyua ulikuwa na kilo zilezile, rafu ilikuwa chini palepale, na angekuja mwembamba kesho angeinama vilevile, kwa hiyo kumwandika mtu kwenye programu ya lazima ndio iwe majibu ya ajali ni kukwepa. Na kuna madhara mengine, wenzako wameona. Kesho akiumia mwenye kisukari au mwenye umri mkubwa hatasema, atameza dawa za maumivu kimyakimya mpaka ashindwe kabisa, na hapo programu ya afya inakuwa kitu cha kuogopwa.

Andika ripoti ya ajali kwa maandishi kama hujaandika, eleza mzigo ulikuwa nini, ulitoka urefu gani kwenda wapi, ulikuwa peke yako au la, saa ngapi, na umenyanyua mingapi kabla ya hapo. Baki na nakala. Muombe daktari aandike unachoweza kufanya na usichoweza, mfano asinyanyue zaidi ya kilo kadhaa kwa wiki kadhaa, hiyo inasaidia zaidi kuliko karatasi ya kupumzika tu kwa sababu kwa maumivu ya kawaida ya mgongo kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, kutembea taratibu na kurudi kazini kidogokidogo ndiko kunasaidia. Ila ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo kutoka bila kujua au kugoma kutoka, au mguu kuishiwa nguvu, usisubiri hata saa moja, nenda hospitali hapohapo.

Ukitaka kupunguza uzito kwa hiari yako ni jambo jema na programu ikusaidie. Ila iwe kwa hiari yako, na ile rafu ipandishwe.

Mimi ni supavaiza wa zamu ya usiku, tuna madereva na watu wa mashine. Wanasinzia. Kampuni imeleta kahawa ya bure na semina ya "lala vizuri". Ovataimu ni nyingi kwa sababu watu ni wachache. Nifanye nini mimi niliye katikati?

Ndugu, hapa ndipo afya na usalama vinakuwa kitu kimoja kabisa, manake usingizi ni vyote viwili. Watafiti wa Australia mwaka 1997 walionyesha mtu aliyekaa macho masaa 17 uwezo wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha masaa 24 ni kama 0.10. Hakuna meneja anayekubali mtu aliyelewa apande fokolifti, lakini aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi na yuko kwenye usukani saa sita usiku, masaa 18 hayo, anaitwa mchapakazi.

Kumbuka mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City mwaka 2005, walikufa watu 15. Sababu zilikuwa nyingi, vifaa vibovu, usimamizi mbovu, matengenezo kuahirishwa, lakini wachunguzi waliandika pia uchovu, kwamba kulikuwa na waendeshaji waliofanya kazi masaa 12 kwa siku, siku 29 au zaidi mfululizo. Semina ya kulala vizuri ingewasaidia nini hao, wangelala saa ngapi? Na ukiacha ajali kuna madhara ya polepole, Shirika la Afya Duniani, WHO, na ILO mwaka 2021 walikadiria kwamba kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo kama 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa mwaka 2016 peke yake.

Wewe uliye katikati una vitu vichache vilivyo mikononi mwako, vitumie. Mwili unakuwa chini zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, kwa hiyo kazi zinazoweza kuua, kupanda juu, kufungua mashine, safari ndefu, zipange zifanyike mapema kwenye zamu kama kuna uwezekano wowote. Zamu zikizunguka ziende mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, kurudi nyuma kunauumiza mwili zaidi. Kati ya zamu na zamu mtu apate angalau masaa 11, ndiyo kiwango walichoweka Umoja wa Ulaya kwenye sheria yao. Ruhusu usingizi mfupi, dakika 15 mpaka 20 kwenye kiti cha kuegemea, na umpe muda aamke vizuri kabla hajagusa usukani. Najua kuna mabosi wanaona mtu kusinzia kwenye chumba cha mapumziko ni uvivu, waambie wachague wao, asinzie pale au asinzie kwenye usukani.

Kahawa inywewe mwanzo wa zamu, ikinywewa mwishoni inamharibia mtu usingizi wa asubuhi. Wale wanaokoroma sana na bado mchana wamechoka, programu ya afya iwapeleke wakapimwe tatizo la kukatika pumzi usingizini, linatibika. Na safari ya kurudi nyumbani asubuhi uihesabu kama sehemu ya hatari.

Hilo la watu wachache halitatatuliwa na wewe, lakini kaandike. Kwenye kila ripoti ya ajali ongeza mistari miwili, "zamu ilianza saa ngapi" na "siku ya ngapi bila kupumzika". Ukiifanya hiyo miezi michache kwa uaminifu utakuwa na kitu ambacho uongozi hauwezi kukipuuza kirahisi.

Kwetu kuna ubao getini wa siku bila ajali. Tukifikisha idadi fulani timu nzima inapata zawadi. Sasa mwenzetu alikatwa kidole akafunga kitambaa akaendelea na kazi ili asituharibie. Hii ni sawa?

Hapana, na huyo mwenzenu mpelekeni akasafishwe kidonda leo.

Zawadi ya namna hiyo inanunua ukimya. Ubao unapendeza huku watu wanaumia, na mbaya zaidi yale mambo ya kuponea chupuchupu, boksi limedondoka likakosa mtu kwa sentimita chache, hayo ndiyo yangewapa nafasi ya kurekebisha bure kabla damu haijamwagika na sasa hayasemwi. Kama kampuni inapenda kutoa zawadi, iwape wanaoripoti hatari, na wale ambao taarifa zao zimefanya kitu kikatengenezwa. Vilevile kwa upande wa programu ya afya, zawadi za kupunguza kilo zinafanya watu wajifiche na wajinyime chakula, halafu mtu hajala anapanda ngazi.

Sisi tunafanya kazi karibu na matanuru, joto kali. Kampuni imebandika mabango kunywa maji kwa afya yako, imetupa na chupa. Lakini wanawake hatunywi kwa sababu choo kiko mbali na ukienda unaandikiwa dakika. Tunaonekana wakaidi.

Dada zangu, nyie siyo wakaidi, na barua yako ningependa kila anayepanga programu ya afya aisome. Bango linasema kunywa, ratiba inasema usinywe, na mtu anafuata ratiba kwa sababu ndiyo inayomlipa.

Kwenye joto kali ushauri wa kawaida ni kikombe kimoja kila dakika 15 mpaka 20, bila kusubiri kiu. Ukinywa hivyo lazima uende chooni, haiwezekani vinginevyo, kwa hiyo choo cha karibu na ruhusa ya kwenda bila kuandikiwa ni kifaa cha usalama sawasawa na glovu. Kubana mkojo zamu nzima kuna madhara yake pia, maambukizi ya njia ya mkojo. Na mtu aliyekaukiwa maji anakuwa mzito wa mawazo, mikono inateleza kwa jasho, miwani inapata ukungu anaivua, hapo ndipo mtu anaungua. Muulizeni afisa usalama wenu kuungua kwingi kunatokea saa ngapi.

Mgeni au aliyetoka likizo asitupwe kwenye tanuru zamu nzima siku ya kwanza. Idara ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza kabisa na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza, ndiyo maana wanashauri aanze na asilimia 20 ya muda kwenye joto, kisha aongezewe 20 kila siku. Wenye presha wanaotumia dawa za kukojosha wamuulize daktari au nesi kuhusu joto, na hapo ndipo programu ya afya ingefanya kazi ya maana kweli. Mwenzenu akichanganyikiwa, akaongea hovyo au akaanguka, huo ni mshtuko wa joto na unaua, mpozeni palepale kwa maji ya baridi mengi mwili mzima huku mnaita gari la wagonjwa.

Niko rasilimali watu. Tumepima wafanyakazi wote presha, sukari na macho. Meneja usalama anaomba orodha ya majibu ili ajue nani asiendeshe mitambo. Nia yake ni nzuri. Nimpe?

Usimpe. Nia yake ni nzuri kweli, lakini orodha ikishatoka mikononi mwa daktari au nesi haikai sehemu moja, baada ya wiki supavaiza anajua nani ana nini, na mara nyingine upimaji ukija watu wanakimbia. Na kama majibu yako mezani kwako pia, mrudishie nesi, hayakupaswa kukufikia kwa majina.

Meneja anachohitaji kukijua ni kama mtu anafaa kwa kazi ile, na hilo anaambiwa na mtoa huduma kwa maneno mafupi: anafaa, anafaa kwa masharti haya, au kwa sasa hafai kwa kazi hii. Ugonjwa hautajwi. Kwa kazi zenye hatari kama mitambo, wekeni upimaji wake tofauti, wenye vigezo vinavyojulikana tangu mwanzo na kila mtu ameelezwa, msiuchanganye na ule wa hiari wa programu ya afya, manake mtu alikuja kwa hiari apimwe presha akajikuta amenyang'anywa fokolifti, hiyo ni kumvizia. Na anayekutwa na tatizo ahamishiwe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara wakati anatibiwa, bila hivyo hakuna atakayesema ukweli. Takwimu za jumla bila majina mpe meneja bila wasiwasi, mfano wangapi kwenye karakana usikivu umeshuka, ila kama idara ina watu watatu wanne tu hata hizo usitoe, watajulikana.

Mimi nina karakana ndogo, watu kumi na wawili pamoja na mimi. Sina afisa usalama, sina rasilimali watu, jimu ndio kabisa. Haya mambo yananihusu?

Yanakuhusu, na wewe una bahati moja kubwa, hizo idara mbili zisizoongea kwako hazipo, wote ni wewe. Kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa simama na vijana wako dakika tano, uliza nini jana nusura kimuumize mtu, na nani leo hayuko sawa, hajalala, anaumwa, ana dawa inayomlevya, amefiwa. Asiyekuwa sawa leo asikae kwenye msumeno, mpe kazi nyingine na asikatwe pesa kwa kusema. Hiyo sehemu ya kutokatwa pesa ndiyo inayobeba kila kitu, ukiivunja mara moja tu hutaambiwa tena.

Kingine anza na kelele na vumbi. Kama mtu akiwa hatua moja kutoka kwako inabidi upaze sauti ndio akusikie, ujue huenda mmeshafika desibeli 85 kwenye kipimo cha kelele, ambapo NIOSH wanaweka kikomo cha masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kabla hujanunua vizibo vya masikio angalia kama mashine inahitaji kukazwa, kupakwa grisi, kuwekewa mpira chini au kuhamishiwa kona nyingine, mara nyingi inapungua. Vumbi lisifagiliwe kavu, lilowanishwe au livutwe kwa mashine. Glovu, miwani na maski nunua saizi mbalimbali, zisiwe za mwili mmoja, na usiwakate watu hela kwa ajili yake, Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Kwa upimaji, ulizia kituo cha afya cha karibu kama wanaweza kutuma nesi siku moja kwa mwaka apime presha, sukari, masikio na macho, na hiyo siku uwalipe kama siku ya kazi.